Kuku wa pilipili anayejipikia nikiwa kazini

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kilifi aliniandikia, na hasira yake niliisikia kabla sijafika nusu ya ujumbe. "Dada, nimenunua chungu cha umeme kwa maneno yako. Nimetia kuku, nimetia viungo vyote, nimetia maji, nikaenda kazini. Nimerudi nakuta kuku kavurugika, mchuzi kama maji yaliyooshewa mchele, na pilipili sijui imekwenda wapi. Mume wangu ametoka kwenda kununua chipsi. Hii ndiyo raha uliyotuahidi?"

Pole, mamangu. Jibu fupi ni kwamba maji yalikuwa mengi, kuku hakuwa yule, na viungo viliingia vibichi. Jibu refu ndilo hili, na kwa kuwa na mimi nina yangu moyoni kuhusu chungu hiki kinachopika polepole kutwa nzima, mtanivumilia.

Mimi ni mhasibu wa hoteli hapa Malindi, upande wa Casuarina. Naingia saa nne asubuhi, natoka saa kumi na mbili jioni hesabu zikikubali, na msimu wa wageni, kuanzia Desemba mpaka Machi, hesabu huwa hazikubali. Nyumbani Barani wananingoja watoto, mume, na mavyaa wangu ambaye chumba chake kiko ubavuni mwa jiko, kwa hivyo kijiko hakianguki asisikie. Zamani nilikuwa nafika Magharibi imeshapita, navua buibui huku nabandika sufuria, na chakula kikiiva watoto wamelala na sare za shule mwilini. Najua wengi wenu mko hapo hapo. Nani asiyetaka kufungua mlango akapokewa na harufu ya mdalasini?

Chungu chenyewe nilikipata kwa familia ya Kitaliano iliyokuwa inafunga nyumba kurudi kwao. Ukiishi Malindi mambo hayo wayajua: mtu akiondoka huuza kila kitu mpaka kamba ya kuanikia nguo. Wenzangu waligombea mashine ya kahawa na magodoro. Mimi nikakiona kimekaa sakafuni hakina mwenyewe: bakuli zito la udongo ndani, ganda la umeme nje, kifuniko cha kioo, na swichi yenye alama tatu, moto mdogo, moto mkubwa na kuweka joto. Nikakichukua kwa bei ya buibui la kawaida.

Hapo pana ushauri wangu wa kwanza, nao ni plagi. Ya Kitaliano ina vijiti vya mviringo, na soketi zetu zina matundu matatu ya pembe. Usikichomeke kwa adapta ya bei rahisi ukakiacha kutwa nzima peke yake. Fundi akate waya, atie plagi ya pini tatu yenye fyuzi. Na kama una ndugu Marekani anayetaka kukuletea chake, mshukuru, mwambie atume pesa. Vya kule vimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, wetu ni 240. Ukikichomeka hivi hivi huli kuku, unakula moshi.

Sasa niwaambie habari ya wifi yangu.

Siku ya kwanza nilipokiwasha alikuja kumsalimia mama yake. Akaingia jikoni, hakuna moto, hakuna mtu, chungu kinatoa jasho kwenye kioo. Niliporudi jioni nikamkuta bado yupo, amenisubiri. "Wifi," akaniuliza mbele ya watu, "huku ni kupika au kutotoa mayai?" Wakacheka. Nikacheka na mimi. Kisha akaongeza, na hili halikuwa mzaha, "Ndugu yangu sasa analishwa na mashine." Usiku ule ule akaliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kuna shangazi Mombasa ambaye mpaka leo akinipigia simu, baada ya kuulizia watoto, huuliza na mashine kama haijambo.

Liliniuma, siwafichi. Mimi nimezaliwa Lamu, mtaa wa Langoni, nikalelewa na bibi ambaye watu walikuwa wakituma watoto na bakuli waje waombe mchuzi wake. Mtu wa Lamu kuambiwa hajui kupika ni kama nahodha kuambiwa hajui kuogelea. Na huyo bibi alikuwa akifanya nini, nawauliza? Alikuwa akiinjika chungu cha udongo juu ya makaa machache, anafunika, anapalia makaa mengine juu ya kifuniko, kisha anakwenda zake barazani kushona kofia. Hakiguswi mpaka Adhuhuri. Nyama ikitoka hapo unaitenga na mfupa kwa mkate. Hakuna aliyewahi kumwita mvivu.

Hata aliyekibuni chungu hiki hakutoa wazo hewani. Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza yake mwaka 1940, alilipata wazo kwa hadithi za nyumbani kwao: mchuzi wa Kiyahudi wa nyama na maharage, cholent, uliokuwa ukipelekwa kwenye tanuri la mwokaji mikate Ijumaa kabla jua halijatua, ukaiva polepole usiku kucha kwa kuwa siku ya Sabato hawawashi moto. Kampuni ya Rival iliinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata kikaingia madukani Marekani kwa jina la Crock-Pot, wanawake wengi wakiwa wanatoka kwenda kazini. Wifi yangu hayo hayajui na sikumwambia. Nilinyamaza nikapika.

Basi kuku.

Kwanza awe wa kienyeji. Hapa ndipo dada yangu wa Kilifi ulipopotea, maana kwenye ujumbe wako umesema ni wa kisasa, mzima, wa dukani. Wa kisasa ni kifaranga mwenye mwili mkubwa, mifupa yake bado laini. Saa nne au tano za moto mdogo zinamtosha, saa tisa zinammaliza. Jogoo wa kienyeji, yule ambaye kwenye jiko la gesi unamchemsha mpaka mtungi unalia, ndiye aliyeumbiwa chungu hiki. Zile nyuzi ngumu za mguuni, moto mdogo wa muda mrefu huziyeyusha zikawa utelezi mzito unaoshika mchuzi. Kama huna ila wa kisasa, chukua mapaja na miguu, kidari kiache kwa siku nyingine. Kidari hukauka hata kikiwa ndani ya mchuzi. Ni ajabu lakini ndivyo kilivyo. Ngozi itoe, kwa sababu humo ndani haiwi kavu, huwa mpira.

Pili, usiku wa kuamkia siku hiyo ndipo unapopika. Hapa watu hawanipendi. Wanataka kusikia kwamba asubuhi unatupa kila kitu ndani na kuondoka. Hapana. Chungu hiki hakipandi zaidi ya mchemko wa maji, na kitunguu hakiwezi kuwa chekundu ndani ya maji, sembuse thomu. Ukivitia vibichi, jioni utakula kitunguu cha kuchemsha chenye harufu ya wodi. Mimi usiku, baada ya Isha, nakaanga vitunguu maji viwili vikubwa mpaka rangi igeuke, natia thomu na tangawizi vilivyotwangwa, manjano nusu kijiko, bizari nzima kijiko kimoja kilichokaangwa na kusagwa, nyanya tatu na kijiko cha nyanya ya mkebe, nakaanga mpaka mafuta yajitenge. Nafunika, friji. Kuku naye ameshakatwa, amepakwa chumvi na ndimu, friji, chombo chake mbali. Asubuhi napasha masala hayo mpaka yachemke, namwagia juu ya kuku, nachanganya, nawasha. Nguo sijavaa bado.

Vya vipande vizima huingia hapo: kijiti cha mdalasini, iliki tatu zilizopasuliwa, karafuu mbili. Mbili, si sita! Kutwa nzima karafuu hufanya kazi usiyoituma. Viazi ukivitia viweke chini kabisa, kuku juu, maana huchelewa kuiva kuliko nyama.

Maji? Nusu kikombe. Narudia: nusu kikombe cha chai. Kifuniko kinashika mvuke wote unarudi ndani, na kuku mwenyewe hutoa maji, na nyanya hutoa maji. Unayemiminia mpaka afunikwe unafanya supu.

Pilipili ndiyo yenye siri, na wengi hukosea. Pilipili mbuzi moja naitia asubuhi, nzima, na kikonyo chake, isipasuke. Hiyo kazi yake ni harufu. Ikipasuka, watoto watalia na mavyaa ataniangalia. Ukali wenyewe nautia mwisho: pilipili mbuzi mbili zilizotwangwa na chumvi, zinazimuliwa ndani ya tui zito la kwanza. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, hauyeyuki kwenye maji, ndiyo maana tui linausambaza mchuzi mzima bila kumchoma mtu mmoja tu aliyebahatika na tonge lake. Tui usilitie asubuhi kamwe. Litakatika, litakuwa chembechembe juu na maji chini, na hakuna dua ya kulirudisha. Nikifika nyumbani natia tui, nageuza swichi moto mkubwa, naswali, nakoga, nusu saa imepita. Dania na ndimu, tayari. Wali wa nazi ukitaka, sima ukichoka. Mimi napenda mkate wa mofa, nikiupata.

Na usifunue. Wallahi usifunue. Kila ukifunua unatoa joto linalochukua hata nusu saa kurudi. Mavyaa wangu alikuwa akifunua "kuangalia tu" mpaka nikabandika karatasi juu ya kifuniko: MAMA, TAFADHALI. Alinuna siku mbili, lakini kuku aliiva.

Mwezi uliopita, katikati ya wiki, wageni wakaja kutoka Mambrui bila simu, na wifi yangu pamoja nao. Mimi niko kazini nafunga hesabu za mwezi. Kwa bahati siku ile kulikuwa na jogoo mkubwa na viazi vingi. Nimefika, nimetia tui na pilipili, wali ukaiva, watu wakala kabla ya Isha. Wifi akaongeza mchuzi. Akaongeza tena. Akafuta jasho la pua, akauliza, "Kapika nani?" Nikafungua mdomo nijibu, mavyaa akaniwahi, bila kuinua macho kwenye sahani yake: "Mashine."

Alhamdulillahi kwa mavyaa wangu.

Kwa hiyo nawaambia akina dada, kuchoka si ibada. Tumelelewa tukaona chakula kisichomtoa mwanamke machozi ya moshi si chakula, na hao wanaosema hivyo wengi wao hawaamki alfajiri wala hawafungi hesabu. Mtu akikuuliza kwa nini jiko lako halina moto, muulize yeye moto wake unamsaidia nani. Mume wako naye ana mikono. Kukata kitunguu hakuhitaji elimu. Wangu sasa ndiye anayekuna nazi, na mbuzi anaikalia vizuri kuliko mimi. Ilikuwa tabu kumfikisha hapo, lakini hayo tutayaandika siku nyingine, akinipa ruhusa.

Nimesahau usalama, na dada wa Kilifi ameuliza. Kuku asitoke kwenye barafu moja kwa moja kuingia chunguni; atakaa vuguvugu muda mrefu na vijidudu vitasherehekea. Ayeyuke kwanza ndani ya friji, usiku. Zile swichi za saa zinazowasha umeme zenyewe mchana nazo msizitumie kwa nyama: kuku mbichi akikaa nje kwa joto la kaskazi hapa Malindi, hata saa moja inatosha kumharibu. Anayetoka alfajiri na kurudi usiku, bora apike usiku kucha, asubuhi aweke friji, jioni achemshe jikoni. Msipashie kiporo ndani ya chungu hiki, kinachelewa mno kupata joto. Maharage mekundu makavu nayo yasiingie kabla hayajachemka kwa nguvu jikoni dakika kumi, yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi.

Umeme wetu mnaujua. Ukirudi ukakuta saa ya mikrowevu inapepesa, uliza jirani ulipotea muda gani. Ukiwa ulipotea zaidi ya saa mbili kuku akiwa hajaiva, mwage. Najua uchungu wa kumwaga jogoo mzima. Mwage. Na wanaoogopa tokeni: chungu cha wati 200 kikiwaka saa nane hakili zaidi ya uniti 1.6.

La mwisho ni kuosha. Bakuli likiwa la moto usilimiminie maji baridi, udongo utapasuka na vipuri hapa hakuna. Liache lipoe, litie maji vuguvugu, lilale.

Na wifi, kwa kuwa najua unasoma: ujumbe wako wa Jumapili nimeuona. Hakiazimwi.