Kiu Ilitangulia: TB Iliyojificha Nyuma ya Pua

Karibu mwaka mzima nilikuwa mtu wa maji. Usiku naamka mara sita, mara saba, nikitoka chooni napitia jikoni kunywa. Chupa ya lita moja na nusu niliyokuwa naweka kando ya kitanda haikuwahi kufika alfajiri. Mume wangu alianza kuniita samaki, mwanzoni kwa utani. Nilipimwa sukari mara tatu, zote safi. Mara ya tatu mhudumu akaniambia, "Dada, hiyo si kiu, ni mazoea."

Naandika kwa ajili ya yeyote aliyeambiwa ana uvimbe kwenye tezi ya pituitari na huku ana kiu ya namna hiyo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, si daktari. Nitakayosema nimeyapata kwa kuugua na kwa kuuliza maswali hadi wauguzi wakanichoka.

Pituitari ni kitezi cha ukubwa wa punje ya njegere. Kimekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, na kutoka hapo ndipo kinapoziamrisha tezi nyingine: thairoidi ya shingoni, zile zilizokaa juu ya figo, na ovari. Mishipa ya macho inakatiza juu yake. Kikivimba, basi, unaharibikiwa na mambo ambayo hata huyaunganishi. Mimi nilianza kugonga bega kwenye fremu za milango. Bodaboda zilikuwa zinanitokea ubavuni ghafla kama zimeshushwa kutoka juu. Nikaenda kupima macho, nikauziwa miwani. Hedhi ikakata, mama mkwe akaanza kunitazama tumbo kwa matumaini. Kichwa kilikuwa kinauma nyuma ya macho, na mchana nikawa mchovu kiasi cha kusahihisha madaftari nimelala chini.

Picha ya MRI ilipotoka, ripoti ilisema uvimbe, inaelekea ni adenoma. Simlaumu aliyeandika. Adenoma, uvimbe usio wa saratani, ndio wa kawaida mahali pale. Majipu ya pituitari, yaani usaha uliojikusanya ndani yake, hayafiki asilimia 1 ya matatizo ya tezi hiyo. Lakini daktari wa pili, mzee mmoja wa maneno machache, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unakojoa kiasi gani kwa siku?"

Sikujua. Akaniambia nikusanye kila tone kwa saa 24. Nilichukua dumu la lita tano, nikaanza saa moja asubuhi, na kabla ya adhana ya magharibi lilikuwa limejaa. Asubuhi iliyofuata tulihesabu lita tisa. Mkojo wenyewe mweupe kama maji ya bomba. Mtu mzima kwa kawaida hukojoa lita moja hadi mbili. Ugonjwa huo unaitwa diabetisi insipidasi, na jina hilo limewapotosha wengi, kwa kuwa hauhusiani na sukari hata kidogo. Kinachopungua ni vasopresini, homoni inayoziambia figo zisimwage maji. Ndiyo maana mwaka 2022 wataalamu wa homoni walipendekeza uitwe upungufu wa vasopresini. Wangewahi miaka michache, pengine nisingetobolewa kidole mara tatu.

Daktari yule alinieleza kwamba adenoma mara chache sana huleta kiu hiyo kabla ya upasuaji. Ikiwepo, fikiria kitu kingine: maambukizi, kwa mfano. Picha ikarudiwa, safari hii kwa dawa ya kung'arisha inayodungwa mshipani, na uvimbe ukaonekana kama pete: ukingo unang'aa, katikati giza. Shina la tezi nalo lilikuwa limenenepa. Hapo akauliza kama nimewahi kuugua TB. Nikasema sijawahi, sikohoi, sina homa, na picha ya kifua ilikuwa safi. Mama, aliyekaa pembeni, akainamisha kichwa. Nikiwa na miaka kumi na moja nilivimba tezi za shingo, nikaanzishiwa dawa, uvimbe ulipopungua mwezi wa pili tukaacha. Hakuna aliyenihadithia. Kwa hiyo waulize wazee wako, tena waulize kwa upole, maana huenda wanaona aibu. Na usidhani kutokuwa na homa wala kikohozi kunakuondoa kwenye hesabu. Maambukizi ya tezi hii mara nyingi hukaa kimya.

Kabla ya upasuaji damu ilipimwa: kotisoli (homoni ya zile tezi za juu ya figo) ya saa mbili asubuhi, homoni za thairoidi, prolaktini (homoni ya maziwa), chumvi ya damu. Karibu kila kitu kilikuwa chini, ila prolaktini iliyopanda kidogo. Hapa pana jambo la kushikilia. Kotisoli na thairoidi zikiwa chini pamoja, kotisoli ndiyo inayorudishwa kwanza. Ukianza na kidonge cha thairoidi mwili unaweza kukuangusha. Nilipoanza haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, nilipata nguvu, ila mkojo ukazidi. Nilidhani dawa imenidhuru, kumbe upungufu wa kotisoli ulikuwa umeficha sehemu ya tatizo.

Upasuaji ulipitia puani, bila kunyoa hata unywele. Ndani walikuta usaha mzito uliogandamana kama maziwa ya mgando. Sasa, kaka yangu ndiye aliyepewa kazi ya kupeleka sampuli maabara, na daktari alikuwa amemwonya: vichupa viwili, kimoja chenye fomalini, maji ya kuhifadhia nyama isioze, kwa ajili ya kuiangalia nyama yenyewe, kingine kikavu na safi. Muuguzi alitaka kutumbukiza zote kwenye fomalini kwa sababu ndivyo walivyozoea. Kaka akagoma. Fomalini inaua vijidudu, na kijidudu kilichokufa hakioti maabara. Akasimama pale mlangoni mpaka daktari akaitwa, kisha akapanda bajaji amekumbatia kichupa kama yai. GeneXpert, mashine ya kupima TB, ikajibu siku hiyohiyo: TB ipo, na rifampisini, dawa kuu ya TB, inaiweza. Kaka angekubali fomalini, huenda tungebaki kubahatisha. Jipu la bakteria wa kawaida hutibiwa kwa antibayotiki za mshipani kwa wiki kadhaa, la fangasi lina dawa zake, na TB ina safari yake ndefu. Kama ndugu yako anapasuliwa, muulize daktari mapema sampuli itagawanywa vipi. Usione haya.

Safari yangu ilikuwa ya miezi 12: dawa nne kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi kwa kumi iliyobaki. Wiki ya tatu nikaanguka. Kichefuchefu, kutapika, nikisimama dunia inazunguka. Kituo cha karibu wakaandika malaria, wakatundika dripu. Mume wangu akatoa kwenye pochi karatasi tuliyopewa wakati wa kuruhusiwa: mgonjwa huyu hana kotisoli, akitapika au kuzimia apewe haidrokotisoni miligramu 100 kwa sindano mara moja. Wakabishana kidogo, wakachoma. Kabla ya saa moja kwisha nikaomba chai.

Kilichotokea ni kwamba rifampisini inalifanya ini livunje haidrokotisoni upesi. Dozi iliyonitosha juzi haikunitosha tena. Hili lingezungumzwa kabla ya kidonge cha kwanza, wala si baada ya mtu kuzolewa sakafuni. Kliniki ya TB na kliniki ya homoni hazikai chumba kimoja, na faili langu halikuwa na miguu. Ukiwa na hali kama yangu, wewe ndiye mjumbe. Taja rifampisini kwa kila anayekuandikia dawa. Hata vidonge vya uzazi wa mpango inavipunguza nguvu.

Desmopresini, dawa ya ile kiu, hapa kwetu haipatikani kirahisi. Yangu huja na basi kutoka Dar ndani ya bahasha, naagiza ikiwa bado imebaki ya wiki mbili. Ukishaianza, punguza kunywa maji kwa mazoea, kunywa kwa kiu tu, la sivyo chumvi ya damu itashuka na utachanganyikiwa. Na Ramadhani nisingeamua peke yangu. Daktari alinikataza kufunga, ustadhi wetu akaniambia nilishe maskini, nikanyamaza. Mwaka wa kwanza nililia, lakini sikufunga.

Macho yalirudi ndani ya wiki chache. Milango nayo imetulia mahali pake. Homoni hazijarudi, na nimeambiwa nisizisubiri sana. Nilipomeza kidonge cha mwisho cha rifampisini, dozi ya haidrokotisoni ilishushwa hatua kwa hatua na mkojo ukaacha ile rangi ya chungwa. Sindano ipo kabatini, mbali na joto la jiko, na mume wangu amejifunza kuichoma kwa kuchoma machungwa. Desmopresini nameza saa tatu usiku. Nikisahau, sihitaji saa ya ukutani kunikumbusha. Ulimi wenyewe unakauka.