Jibu: Koni za msonobari za kupikia shira

Ndugu, umeuliza kama koni kavu (vile vibeba mbegu vyenye magamba vya msonobari) zilizoanguka chini zinafaa kwa shira. Hazifai, hizo za kuwashia jiko. Huku kaskazini mwa Italia, milima ya Alps, tunachuma mbichi za msonobari mfupi uitwao Pinus mugo, mwezi Juni hivi, kisu kikiwa bado kinapita bila kukwama. Koni na sukari ya kahawia uzito sawa, kwenye chupa ya mdomo mpana, juani wiki nne hivi. Legeza kifuniko kila siku gesi itoke. Yangu ya kwanza ilitapika dirisha zima! Kisha chuja, chemsha moto mdogo mpaka inate kama asali. Utomvu mikononi? Sabuni haifui dafu, paka mafuta ya kula.