Hofu ya kulazwa ndiyo iliyonifanya nifiche kwamba nimeacha dawa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba umetumia dawa za sonona kwa miezi minane, kwamba juzi na jana hukumeza kwa makusudi, na kwamba hutaki daktari ajue kwa sababu unaogopa atakuandikia ulazwe Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili ya mkoani kwetu, bila ridhaa yako. Nakujibu kama mtu aliyepita njia hiyo hiyo hapa Tanga, na aliyeponea chupuchupu kulazwa kwa sababu ya kuficha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nilikuwa nikimeza amitriptilini, vidonge vitatu vya miligramu 25 kila usiku, na baada ya miezi saba nilijiona mzima: usingizi ulikuwa umerudi, chakula kilikuwa na ladha, na niliweza tena kucheka na wanafunzi. Kilichonisumbua ni dawa yenyewe. Kinywa kilikauka hata nikashindwa kusoma aya mbili darasani bila kunywa maji, choo kilikuwa kigumu, na asubuhi kichwa kilikuwa kizito mpaka kipindi cha pili. Ijumaa moja nikaamua kwamba basi, simezi tena. Sikumwambia mtu. Tangu utotoni nimesikia mtu akitibuka kidogo anaambiwa atapelekwa Milembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na nyumbani kwetu, kwa kuwa sisi ni wa mkoa huu, aliambiwa atapelekwa Lutindi. Kwa hiyo niliamini kwamba mgonjwa akitamka tu kuwa hataki dawa, kinachofuata ni wodi yenye kufuli.

Usiku wa tatu sikulala kabisa. Usiku wa nne nilitapika, nikatoka jasho lililolowesha shuka, na nilipopitiwa na usingizi kidogo niliota ndoto kali kiasi kwamba niliamka nikiwa nazungumza. Jumatano nilimfokea mama kwa sababu ya kikombe cha chai, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu, kisha nikalia mbele yake. Alhamisi asubuhi nilimsikia mjomba akizungumza na kaka yangu barazani kwa sauti ya chini, na nikalisikia lile neno, Lutindi. Nilipotoka, bajaji ilikuwa mlangoni inaunguruma, na mama alikuwa ameshika mkoba wa ukindu wenye kikoi changu na kanzu mbili. Mkoba ule ndio uliokaribia kunivunja moyo.

Katika kituo tulichofikia kwanza, mhudumu alimsikiliza mjomba tu. Hakuniuliza lolote kuhusu dawa, nami nikanyamaza, akaandika kwamba ugonjwa umerudi kwa nguvu na kwamba nifikiriwe kulazwa. Tulipofika kliniki ya afya ya akili, muuguzi mmoja wa makamo akaniuliza swali moja: "Mwalimu, vidonge vyako viko wapi?" Mama alikuwa amevitia mkobani. Muuguzi akavimwaga mezani, akanisogezea, akasema nihesabu mwenyewe. Vilikuwa 36. Nilikuwa nimepewa 90 siku 24 zilizopita, kwa hiyo vilipaswa kubaki 18. Akasema taratibu, bila kunikaripia, "Vimezidi 18. Usiku sita. Uliacha Ijumaa."

Kisha akaniuliza kama jasho na kutapika vilikuwapo nilipoanza kuugua mara ya kwanza. Havikuwapo. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa ulishike: dalili za kukatisha dawa ghafla na ugonjwa kurudi ni vitu viwili. Za kukatisha huanza ndani ya siku chache, na mara nyingi huja na mambo ya mwili ambayo sonona yako haikuwa nayo, kama kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, ndoto kali, au mshtuko kama wa umeme kichwani. Zaidi ya hapo hutulia upesi dawa ikirejeshwa. Sonona inayorudi kwa kawaida hunyemelea kwa wiki au miezi. Asiyejua kwamba umeacha ataziona zote kuwa ugonjwa, naye hatakuwa na kosa, maana umemnyima taarifa ya kumwezesha kutofautisha. Daktari alinirudishia dawa, na kufikia Jumatatu nilikuwa nimetulia. Sikulazwa.

Kama unayotumia ni fluoksetini, ujue kwamba hiyo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, hivyo usije ukasema, "Mbona wiki imepita salama?" Dalili zake, zikija, zaweza kuchelewa.

Miezi miwili baadaye nilirudi kwa daktari nikamwambia wazi kwamba nataka kuacha, na nikamuuliza papo hapo kama maneno hayo yanatosha kunipeleka wodini. Akasema hapana, kinachomtia wasiwasi ni mtu aliye katika hatari ya kujidhuru au kudhuru wengine, au aliyezidiwa hata hawezi kujitunza, na kutaka kuacha dawa peke yake hakumo katika hayo. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo inamtenganisha anayekwenda kwa hiari yake na anayepelekwa bila ridhaa. Na kwa kuwa wengi wetu huogopa zaidi kutaja mawazo ya kufa, niseme na hili: Kanuni ya Adhabu inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na mimi naona sheria hiyo inawafanya wagonjwa wanyamaze, lakini kumweleza daktari kwamba mawazo hayo yanakujia si jaribio. Mweleze. Yakikujia leo pamoja na mpango, usingoje siku ya kliniki; nenda hospitali usiku huo huo na mtu unayemwamini.

Daktari alinieleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri dawa iendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha ipunguzwe taratibu kwa muda usiopungua wiki nne. Mimi nilichukua miezi mitano baada ya muda huo kutimia. Kutoka vidonge vitatu hadi viwili sikuhisi kitu, na kutoka viwili hadi kimoja nilikosa usingizi siku mbili tatu. Kile kimoja cha mwisho ndicho kilichonitesa. Mwaka 2019 watafiti Mark Horowitz na David Taylor waliandika katika jarida la Lancet Psychiatry kwamba dozi ndogo za dawa za kundi la fluoksetini bado zinashika sehemu kubwa ya vituo vya ubongo ambamo dawa hizo hufanyia kazi, kwa hiyo hatua za mwisho ndizo zinazopaswa kuwa ndogo kabisa. Dawa yangu si ya kundi hilo, lakini ndivyo ilivyonitokea. Kwa ruhusa ya daktari nilikata kidonge katikati kwa wembe mpya juu ya sahani, nusu ya leo na nusu ya kesho. Usikate chako kabla ya kuuliza, kwa sababu kuna dawa zisizofaa kukatwa.

Jambo jingine lililonipa utulivu ni kuchagua mapema nani atazungumza kwa niaba yangu nikichafukwa. Nilimchagua dada yangu, si mjomba, ingawa mjomba ananipenda. Tuliandika katika daftari dozi ya kila wiki na dalili ambazo akiziona ampigie daktari kwanza, kabla ya kuita bajaji.

Wewe umeruka siku mbili tu. Usijirejeshee dawa kwa kukisia, na usiendelee kuacha. Kesho asubuhi nenda pale unapochukulia dawa, ubebe vidonge vyote vilivyobaki katika kijibahasha chake, na useme tarehe uliyomeza mara ya mwisho kabla hujaulizwa.