Bonanza la mtaa na watu wenye ulemavu: maswali na majibu

Sisi ni kamati ya michezo ya mtaa, Buswelu, Ilemela. Mwaka jana tuliwaalika watu wenye ulemavu kwenye bonanza letu, lakini hata mmoja hakutokea. Tulikosea wapi?

Mwaliko mliutoa, ila mtu anayetumia kiti mwendo hujiuliza kwanza mambo ambayo matangazo mengi hayayajibu: bajaji itamshusha wapi, kutoka hapo hadi uwanjani kuna mawe kiasi gani, na akibanwa na haja ataingia choo kipi. Kwa hapa Mwanza, ambako mitaa mingi imepanda vilima vya miamba, kuchagua uwanja ni nusu ya kazi, na ni afadhali uwanja mdogo ulio tambarare kando ya barabara kuliko mkubwa unaofikiwa kwa ngazi. Mlango wa choo usipungue upana wa sentimita 80, na penye ngazi pawekwe njia ya mteremko ambayo kwa kila sentimita 1 ya kimo ina sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji basi mteremko wa sentimita 180. Ule ubao mfupi unaoegeshwa mlangoni asubuhi ya tukio ni wa hatari, kwa kuwa kiti huweza kupinduka kinyumenyume na aliyekikalia akaumia.

Hata hivyo, yote haya mngeyajua mapema kama wenyewe wangekuwamo katika kamati tangu kikao cha kwanza. Muulizeni Afisa Ustawi wa Jamii awaunganishe na vyama vyao. Kushiriki michezo na burudani ni haki yao: Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kifungu cha 30 kinalitaja jambo hilo waziwazi, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu.

Binti yangu wa miaka 12 haoni. Kwenye michezo ya likizo huketishwa pembeni apige makofi. Je, kweli anaweza kucheza mpira? (Mama, Igoma)

Anaweza, mama, tena kwa ushindani. Upo mchezo wa goliboli, uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Kila upande una wachezaji watatu, wote wamefunikwa macho, na mpira wenye kengele ndani hurushwa kwa mkono huku wapinzani wakijilaza chini kuuzuia. Mistari ya uwanja ni kamba iliyobandikwa utepe juu yake, ili mchezaji aipapase kwa kiganja au mguu na kujua alipo. Mpira wa kengele ukikosekana, mwalimu anaweza kuufunga mpira wa kawaida ndani ya plastiki nyembamba inayochakacha. Watazamaji nao sharti wanyamaze wakati wa mchezo, jambo gumu kwa washangiliaji wetu, lakini bila hilo mtoto hausikii mpira. Inaniuma kwamba ameketishwa kila likizo. Mfuate mwalimu wake, umweleze haya.

Mimi ni kiziwi na ninacheza beki. Mwamuzi akipuliza filimbi, mimi naendelea kukimbia. (Kijana, Kirumba)

Mwombeni mwamuzi ainue bendera kila anapopuliza filimbi, nanyi wachezaji wote mkubaliane kusimama mnapoiona. Kwa matangazo na maelekezo ya waandaaji, awepo mkalimani wa lugha ya alama, na ratiba ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa.

Nina ualbino. Mechi zetu huanza saa saba mchana. (Magu)

Saa hiyo haikufai kabisa, maana jua hilo huunguza ngozi yako na kukuongezea hatari ya saratani. Omba mechi zianze baada ya saa kumi jioni, benchi liwe kivulini, na uruhusiwe kucheza na kofia na jezi ya mikono mirefu.

Je, ile asilimia 2 ya halmashauri inaweza kutununulia mipira na viti vya michezo? (Kikundi, Nyamagana)

Fedha hizo hutoka katika mapato ya ndani ya halmashauri na hutolewa kama mikopo isiyo na riba kwa miradi ya kuwaingizia watu wenye ulemavu kipato, kwa hiyo mkizinunulia mipira mtashindwa kurejesha. Vifaa vya michezo viombeeni katika bajeti ya kawaida, kupitia mkutano wa mtaa na Afisa Michezo. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, na mapendekezo huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Pelekeni barua mapema, mkitaja kila kifaa, idadi yake na bei yake.