Umri Ulinipokonya Tundu la Sindano, Uvivu Ulinipokonya Koti

Nilikuwa na miaka 44 sindano iliponikataa. Nikalamba ncha ya uzi, nikaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, nikakosa tundu mara tatu. Kijana ninayemfundisha akasema, "Lete nikutungie, mzee." Nikamfokea bure.

Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, na wengi hulibaini hilo wakishavuka miaka 40. Mimi niliona aibu ya miwani kwa miezi minane, na ndani ya miezi hiyo nilipachika zipu mbili kinyumenyume. Fundi mwenzangu, nenda kapime macho mapema. Miwani ya kusomea haigharimu kama kitambaa cha mteja.

Kasi nayo imepungua. Zamani nilimaliza suruali nne za shule kwa siku, sasa tatu. Ila zangu hazirudi kufumuliwa. Nikishika kitambaa tu najua kama kitasinyaa kikifuliwa; pamba tupu huiloweka kwanza, naianika, naipiga pasi, ndipo nikate. Nilijifunza hilo kwa kanzu iliyorudi mikono imepanda juu ya vifundo, nikanunua kitambaa kingine kwa pesa yangu.

Jambo lililonitisha zaidi lilitokea kabla ya hayo yote, nikiwa na miaka 38, macho yakiwa bado makali. Nilikuwa nimeshona sare za shule peke yake kwa miaka sita, maana tenda ilikuwa inalipa. Akaja mtu na kitambaa cha suti. Mkono wa koti huwa mpana kidogo kuliko tundu la bega. Ile ziada unaimeza taratibu kwa kushikiza kwa mkono, kisha pasi yenye mvuke. Kazi hiyo niliwahi kuifanya huku napiga soga. Safari hii bega lilijaa mikunjo, nikafumua mara tatu, jasho linanitoka. Hapo huwezi kusingizia uzee.

Kwa hiyo, hata ukiwa na tenda nono, tafuta kipande kigumu kila baada ya miezi miwili, ukishone kwa gharama yako.

Siku hizi kijana hunitungia sindano kumi za mkono kila asubuhi, nazichomeka kwenye kimto. Mimi namwonyesha kukata kola. Juzi alinikuta nashikiza bega la kikoti cha mtoto, akauliza nani kaagiza. Nikamwambia hakuna, vuta kiti.