Muulize Shangazi: Duka la Mvunguni

Swali: Shangazi, hujambo? Juzi nilipanda matatu nambari 9 hadi Eastleigh, Nairobi, kununua madera ya harusi ya dadangu. Vibanda vyenyewe ni vidogo, hata kugeuka ni shida! Muuzaji akacheka, akasema maduka haya yote ni watoto wa Garissa Lodge. Lodge tena? Na jirani yangu anashikilia kuwa kabla ya Wasomali kukimbia vita vya Somalia vya 1991, hapo hapakuwa na kitu. Ni kweli?
*Msomaji, Thika*

Jibu: Sijambo, mwanangu. Ndiyo, ilikuwa lodging hasa, ya vitanda na mashuka. Mapema miaka ya 1990 wakimbizi walijaa mle, na aliyekuwa na bidhaa akaziuza humohumo chumbani. Mimi ni fundi cherehani, na shifoni yangu ya kwanza ya Islii, yaani hiyo Eastleigh, niliinunua nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda. Unabisha hodi, unavua viatu, mama anavuta sanduku kutoka mvunguni na kutandaza vitambaa juu ya blanketi. Jioni sanduku linarudi mvunguni, watoto wanalala juu. Kodi ya kulala ndiyo hiyohiyo ya duka, sasa mwenye duka la mjini angeshindanaje naye? Baadaye vitanda vikatolewa, vyumba vikabaki maduka, na wenye majengo ya jirani wakaiga. Udogo uliokusumbua ulianzia hapo.

Jirani yako ana nusu ya habari. Eastleigh ilipoundwa 1921, wakoloni walikuwa wameigawa Nairobi kwa rangi, na wakazi wake wengi wakawa Wahindi. Wasomali nao walikuwamo tangu enzi hizo. Baada ya uhuru Wahindi wengi walihama, majumba yao yakanunuliwa na Waafrika, hasa Wakikuyu. Halafu kuna Wasomali wa Garissa na Wajir, Wakenya kama yeye, ambao hawakukimbia nchi yoyote. Hao awaombe radhi. Waoromo wa Ethiopia amewasahau kabisa.

Ukirudi, watafute akina mama wenye majerikeni ya maziwa ya ngamia, yanayofika kwa basi kutoka Isiolo. Yana ladha ya moshi, kwa kuwa chombo hufukizwa ili yasiharibike upesi. Onja kidogo kwanza. Mume wangu alinunua lita mbili kwa ujasiri, nikazinywa mimi.