Cyberpunk 2077 kwa PS4 huku Lubumbashi: uliza hii mbele ya kununua disiki

Bandugu, batu banazidi kuniandikia ku WhatsApp "yaya, nimepata disiki ya Cyberpunk bei ya chini, nichukue?" na mimi narudisha swali moja tu: utapata wapi intaneti? Kama hauna jibu, leka kwanza. Gemu yenyewe naipenda sana, Night City (muji wa mu gemu) usiku mvua ikinyesha na mataa yote ile inawaka, wee! Shida iko mu disiki.

Disiki za kwanza zilitengenezwa mbele gemu itoke tarehe 10 Desemba 2020. Na vile ilitoka tunajua wote, ku PS4 ilikuwa inazima katikati ya mchezo, picha zinachelewa, mpaka Sony ikaitosha mu duka yake ya intaneti ile mwezi na ikairudisha Juni 2021. Matengenezo yote yenye ilifuata, 1.2, 1.5, 1.6 (njo namba za kila toleo mpya ya gemu), haiko mu disiki ile ya zamani, inapita mu intaneti. Kwa hiyo ukiweka disiki bila koneksio uko unacheza gemu ya Desemba 2020 kabisa, batu bamesimama mikono wazi kama misalaba, na ukikosa kidogo polisi anatokea tu nyuma ya mugongo yako, bila gari, bila njia, sijui ametoka wapi.

Sasa, kushusha ile yote ni makumi ya giga. Kwa mega za simu usijaribu, utamaliza pesa ya chakula. Mi nilibeba PS4 yangu mu begi mpaka kwa binamu mwenye wifi ya mwezi, nikaiacha pale ilale inashusha. Umeme ukikatika, ikirudi unawasha tena PS4 na mara mingi inaendelea pale ilifika, haianzi upya. Kisha unarudi nayo nyumbani, unaweka disiki ndani, unacheza bila intaneti. Mbele ya kutoka kwa mwenye wifi (na umununulie kitu ya kunywa, usikuwe mubaya), chagua picha ya gemu na maneti (ile ya kuchezea mu mikono), bonyeza Options, fungua habari ya gemu na uangalie namba. Kama bado iko 1.0 na kitu, hauendi popote.

Ingine yenye bauzaji banaficha: PS4 inaishia ku 1.6 na vidogo vyake. Ile 2.0 ya Septemba 2023, yenye ilibadilisha polisi na ufundi wa kupigana, pamoja na Phantom Liberty (hadithi ya kuongeza juu ya gemu), ilitoka ku PS5, Xbox Series na kompyuta, haikufika ku PS4. Mutu akikuambia disiki yake ya PS4 iko na Phantom Liberty, mwambie asante na uendelee na njia.

Kwa wa kompyuta, kama umepewa kopi ya zamani ku flashi angalia namba pia, sababu mwanzoni faili ya kusevu ikipita mega 8 ilikuwa inaharibika, na ilitengenezwa ku 1.06. Mbele ya hapo wale banaokota kila bunduki na kila chupa njo balilia.

Na usevu kwa mukono! Ile ya kusevu yenyewe ni nzuri lakini kwetu umeme hauna adabu. Mi nasevu mbele ya kila kazi, mu nafasi tofauti, sifuniki ile ya zamani mpaka nione mpya inafunguka. Mu gari usikimbize sana pia, disiki dur ya PS4 (ile ya ndani yenye kuweka gemu) haifuati, picha za nyumba zinakuja zikiwa matope. Pikipiki inatosha, ao miguu.

Halafu usikimbilie mwisho wa hadithi. Kazi za Panam na za Judy (batu ba mu hadithi) njo utamu wenyewe, na ku 1.6 zinapita bila fujo mingi.